Asidi kwenye bonde la lengalenga: kisa kimoja cha pembeni ya Lubumbashi

Nilichotoa

Hiki ni kisa cha asidi ya izine (kiwanda) ya shaba iliyoshuka kwenye bustani za ba mama. Jina la sosiete (kampuni), la kijito, la kartie (mtaa) na la kila mtu nimetoa, mwaka pia, na vitu viwili vitatu nimevisogeza kidogo ili mtu asiende kugonga mlango wa mama fulani kumuuliza eti wewe njo ulipokea ngapi. Sosiete yenyewe ni mtoto wa kampuni kubwa ya nje, inasafisha shaba na kobalti, mama yake anakaa nchi moja na wanunuzi wako nchi nyingine, na hapa Haut-Katanga (jimbo la kusini mwa Kongo) maelezo kama hayo yanaweza kuwa ya sosiete kibao kwa hiyo usijichoshe kutafuta. Mimi nilikuwa upande wa komite ya ba mama wa bustani, nikisaidia mambo ya karatasi na ya vipimo. Soma ukijua nilikuwa nimekaa kiti gani.

Bonde na izine

Ukitoka katikati ya mji kwenda pembeni, upande wowote, kila penye unyevu utakuta bustani. Lengalenga (mchicha), shu (kabichi), matembele, vitunguu vya majani, nyanya wakati wa kiangazi. Mboga inakatwa usiku bado giza, inafungwa mafungu, kukicha iko soko la Kenya au la Mzee Kabila, na mchana iko pembeni ya bukari (ugali) kwenye sahani za watu ambao hawajui hata bonde liko wapi. Karatasi ya ardhi karibu hakuna mwenye nayo. Mmoja aliachiwa matuta na mama mkwe, mwingine anakodi kwa msimu, mwingine alimpa shefu kitu kidogo miaka ya nyuma na tangu hapo hakuna aliyemuuliza. Maji ya kumwagilia yanatoka kwenye kijito, yanapita mifereji ambayo ba mama wenyewe wanaichimba, na kila kiangazi wanazibua ile mifereji, tope linalotoka wanalitandaza juu ya matuta maana ni mbolea nzuri na ya bure. Hiyo ya tope ishike, njo mzizi wa kisa chote.

Juu ya bonde, kilomita chache tu, kuko izine. Watu wengi wakisikia uchafu wa mine wanafikiria vumbi na mashimo, lakini izine nyingi za siku hizi zinafanya kazi na asidi. Jiwe linasagwa, linalowekwa kwenye asidi sulfuriki, shaba inayeyuka ndani yake kama chumvi kwenye chai, halafu umeme unaivuta hadi igande kwenye sahani, njo zile katodi unaziona kwenye malori yanayoenda Kasumbalesa, mpaka wa Zambia. Kobalti inashushwa pembeni, inatoka kama unga wenye maji maji, inapakiwa, inaenda nje kusafishwa zaidi kwa ajili ya batri za simu na za magari. Kongo njo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, karibu asilimia 70, na sehemu kubwa ya hiyo inapita kwenye izine za hapa na za Lualaba, jimbo la jirani. Kinachobaki baada ya kazi yote ni tope lenye asidi na mabaki ya metali, wanalimwaga kwenye beseni kubwa lililotandikwa nailoni nene nyeusi. Beseni likijaa mpaka ukingoni au nailoni ikipasuka, tope lina njia moja tu, kushuka, na chini kuko bustani.

Jambo lingine la kujua kabla hatujaendelea: udongo wa huku haujawahi kuwa safi. Union Minière, sosiete ya mine ya Wabelgiji, iliundwa 1906, izine ya kuyeyusha shaba ya mji ilianza 1911, baadaye sosiete ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines ikachukua mwaka 1967, na moshi wa ile shimini ulimwagika kwenye kartie za mji kwa miaka mingi sana. Zaidi ya hapo shaba iko kwenye ardhi yenyewe, hata kuko majani yanaota pale tu penye shaba nyingi, wazee wa jiolojia waliyatumia kutafutia mine. Halafu mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven (Ubelgiji) walitoa kazi yao ya kupima mikojo ya watu wanaokaa karibu na mine na izine za Katanga, wakakuta kobalti mara nyingi kupita kawaida, pamoja na risasi, kadmiamu na uraniamu. Kwa hiyo sosiete yoyote ikisimama ikasema "uchafu huu tuliukuta", haisemi uongo mtupu. Inasema nusu, na hiyo nusu unatakiwa uwe na jibu lake tayari kabla ya kuingia kwenye meza.

Ilivyotokea

Ilikuwa katikati ya majira ya mvula. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi ba mama wa kwanza waliofika kwenye bonde wakakuta maji yana rangi ya kijani iliyochanganyika na bluu, na povu pembeni, na samaki wadogo wanaelea pamoja na vyura. Mmoja aliyekuwa ameshaanza kumwagilia hakuona rangi ya maji maana giza lilikuwa bado, na mpaka saa sita ile lengalenga aliyoimwagilia ilikuwa imekunjamana, majani yana madoa meupe kama yameunguzwa. Mtoto aliyeingia mferejini akatoka analia miguu. "Mama, ile maji inauma!" Njo watu wakajua haiko matope ya kawaida ya mvula.

Mama prezida wa komite akapiga simu tatu: kwa shefu wa kartie, kwa mwalimu wa kemia wa sekondari moja ya karibu, na kwetu. Mwalimu alifika na karatasi za pH, zile za kuchovya zinabadilika rangi, akapima sehemu ambapo mfereji wa izine unaingia kwenye kijito, ikasoma kati ya 2 na 3. Akapanda juu kidogo, kabla ya ule mfereji kuingia, ikasoma karibu 7. Kwa asiyejua, kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 kushuka hadi 3 ni asidi mara 10,000. Akarudia mara mbili mbele ya shefu na ba mama, akaandika saa.

Mchana wake vijana walikuwa wamesharundika mawe wanataka kufunga barabara ya malori. Nitarudi kwa hilo.

Siku ya pili wafanyakazi wa sosiete walishuka na kamio (lori) ya chokaa, wamevaa maski na buti, wakamwaga chokaa kwenye kijito sehemu kadhaa, wakapiga picha, wakaweka na sitereni (tanki) ya maji ya kunywa kwenye barabara. Siku ya tatu maji yalikuwa yameanza kuwa meupe, njo hapo sevisi za serikali zilifika, na watu wa sosiete wakiwa nao, wakapima pH, ikawa nzuri, wakachukua chupa za maji, wakaandika prose-verbali, ile ripoti rasmi. Ndani ya ile karatasi kuliandikwa kwamba maji yamerudi katika hali ya kawaida na kwamba shaba iliyomo haivuki kiwango cha maji ya kunywa. Barua ya sosiete ilifuata: tukio limesababishwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida, limedhibitiwa, familia zilizoguswa zitasaidiwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za listi. Nani analima, matuta mangapi, mboga gani. Baada ya mwezi na kitu wakalipa, mmoja mmoja, pesa mkononi, saini au dole gumba kwenye risiti.

Halafu kiangazi kikaja. Ba mama wakazibua mifereji kama kila mwaka, wakatandaza tope kwenye matuta, wakapanda. Mboga ikaota nusu mkono ikasimama hapo hapo, majani ya njano, mizizi mifupi ya kahawia. Safari hii hakukuwa na maji ya kijani, hakukuwa na samaki waliokufa, na hakukuwa na kamera.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Barabara kwanza. Vijana walikuwa na hoja, maana kila mtu hapa anajua sosiete inasikia haraka malori yakisimama. Mama prezida alikataa na maneno yake niliyaandika siku ile ile: "Tukifunga barabara bataleta polisi, kesho habari itakuwa ya polisi, haitakuwa tena ya maji." Wengine walimuona mwoga. Mimi naona aliokoa ushahidi, kwa sababu mawe na moshi wa matairi vingemaliza siku nzima ambayo mwalimu aliitumia kupima na kujaza chupa.

Chupa zenyewe. Tulijaza mahali pane: juu ya mfereji wa izine, pale unapoingia, katikati ya bonde, na chini kabisa. Kila mahali chupa mbili, zimesuuzwa mara tatu na maji yale yale ya hapo, zimejazwa hadi juu, zimefungwa, karatasi imebandikwa yenye saa na saini ya shefu na ya mwalimu na ya mama mmoja, picha ya simu ikionyesha chupa pamoja na mahali. Seti moja ikaenda laboratuari, nyingine ikabaki kwenye frigo ya mtu asiye wa komite wala wa sosiete. Sababu ya seti mbili ni kwamba laboratuari za mji nyingi zinaishi kwa kazi za sosiete za mine, hatukutaka siku moja tuambiwe chupa imepotea na hadithi ikaisha.

Tope hakuna aliyechukua. Si sisi, si serikali, si sosiete. Akili ya kila mtu ilikuwa kwenye maji kwa sababu maji njo yalikuwa yanaonekana.

Chokaa. Hapa nataka kuwa mwenye haki: kumwaga chokaa ulikuwa uamuzi sahihi. Asidi ilikuwa inashuka kwenda kwa watu wengine, wangengoja vibali vya nani? Februari 2025 beseni la taka za shaba lilipopasuka kule Chambishi, Zambia, na asidi ikaingia kwenye Mwambashi na kwenda Kafue, serikali yao ilifanya hivyo hivyo, hata ndege za jeshi zilimwaga chokaa. Ubaya wa hapa kwetu ni kwamba chokaa ilichukuliwa kama mwisho wa tukio. Chokaa inaua asidi, pH inapanda, na shaba ambayo ilikuwa imeyeyuka haiwezi tena kukaa kwenye maji, inageuka chembe chembe inatua chini. Kobalti ni kaidi zaidi, inataka pH ya juu zaidi ndiyo itue, kwa hiyo sehemu yake inaendelea kusafiri na maji. Yaani metali haikuondoka, ilibadilisha nyumba. Anayepima maji siku ya tatu anakuta safi na hadanganyi, amepima tu chumba kilichohamwa.

Listi. Sosiete ilitaka listi itoke kwa shefu wa kartie, komite ikataka itoke kwake. Mwishowe zikawa listi mbili, na ya shefu ilikuwa na majina ambayo hakuna mtu kwenye bonde aliyewahi kuyaona na jembe. Sosiete ilichagua ya shefu kwa sababu ina muhuri. Mtu wao wa mambo ya jamii, kijana wa hapa hapa, alituambia pembeni kwamba anajua iko na majina ya hewa, lakini bosi wake wa mji mwingine anataka muhuri na hataki kusikia mengine. Namuelewa yule kijana. Bosi wake simuelewi.

Halafu foraji, yaani visima virefu vya kuchimbwa. Kwenye mkutano wa pili sosiete ilileta pendekezo zuri kabisa kwa macho: watachimba foraji mbili za maji na kukarabati madarasa, njo iwe fidia pamoja na ile pesa ya mboga. Watu wakapiga makofi. Avoka (wakili) wa komite akaomba dakika tano, akauliza swali moja tu: hela ya hizo foraji inatoka kwenye mfuko gani? Ikawa kimya. Kode Minie, ile sheria ya mine ya 2002 ilivyorekebishwa Machi 2018, inalazimisha kila sosiete ya mine kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za karibu, na juu ya hapo kuko kaye de sharji, ile karatasi ya ahadi ambazo sosiete inasaini na jamii. Foraji zile zilikuwa zimeshaandikwa kwenye kaye de sharji. Kwa maneno mengine walikuwa wanalipa deni la zamani na kuliita fidia ya jipya. Avoka akataka karatasi mbili tofauti, moja ya maendeleo na moja ya uharibifu, na baada ya mabishano marefu, ya kuchosha, ambayo sitayaandika hapa, akazipata.

Kitu ambacho hakukipata ni kulipwa kwa pamoja. Ba mama walikuwa wameshakaa wiki tano bila kuuza fungu hata moja, ada za shule zinangoja, na sosiete ikasema anayetaka aje achukue chake leo, anayetaka komite angoje komite. Wangapi wangengoja? Walienda mmoja mmoja, na risiti waliyosaini ilikuwa ya Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, na mwishoni kuna sentensi kwamba aliyepokea hana tena dai lolote kuhusu tukio hilo. Hakuna aliyewasomea hiyo sentensi.

Matokeo

Mboga za msimu mmoja zililipwa, kwa tuta, bei ambayo sosiete iliichagua. Walioko kwenye listi ya komite peke yake walingoja miezi mingine, sehemu yao wakalipwa na sehemu hawakulipwa. Foraji zilichimbwa, moja inafanya kazi. Beseni liliongezwa kimo. Dai la pili, la udongo, sosiete ililikataa kwa barua fupi yenye kopi ya risiti nyuma yake.

Komite ikapeleka kesi tribinali (mahakamani), ambako iko bado. Wakati huo huo tukaandika barua kwa mama wa sosiete kule nje na kopi kwa mnunuzi mmoja wa katodi ambaye kwenye ripoti yake ya mwaka anajisifu kwa shaba safi. Miezi miwili haijaisha sosiete ikakubali, "kwa moyo mwema na bila kukiri kosa", kulipia vipimo vya udongo na kuondoa tabaka la juu kwenye sehemu ya bonde. Sehemu. Ile iliyo karibu na barabara.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Masaa ya kwanza. Kila kitu ambacho komite inacho mpaka leo mbele ya jaji kilitengenezwa siku moja na mwalimu wa sekondari mwenye karatasi za bei ndogo. Zile karatasi hazisemi kobalti ni kiasi gani, lakini zinasema asidi ilitoka wapi, kwa sababu alipima juu na chini ya mfereji. Bila kipimo cha juu, sosiete ingesema kijito kizima kiko vile tangu zamani, na nani angebisha? Kipimo kimoja cha mahali pasipoguswa kina uzito kuliko kumi vya mahali palipoguswa, na hilo watu wanasahau kila mara kwa sababu wanakimbilia pale pabaya.

Pia komite kujua sheria ilivyogeuka 2018. Bila hiyo sheria sosiete ingekuambia uonyeshe uzembe wake, kwamba mtu fulani alilala, kwamba pompi haikutengenezwa, na wewe hata getini huingii utaonyeshaje? Kifungu cha 285 bis cha Kode Minie kinasema mwenye haki ya mine anarudisha hasara aliyosababishia watu, mali na mazingira kwa shughuli zake hata kama hakuna kosa wala uzembe. Kwa hiyo unabaki na kazi mbili, kuonyesha hasara na kuonyesha imetoka kwake. Juu yake kuko Katiba ya 2006, kifungu cha 53 kinachompa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na cha 54 kinachosema uchafuzi unaotokana na shughuli za kiuchumi unalipiwa. Ile hoja ya "mvua isiyo ya kawaida" avoka aliijibu kwa kuleta takwimu za hali ya hewa: Lubumbashi inapata kama milimita 1,200 kwa mwaka na karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Aprili. Beseni la Katanga lisilotarajia mvua kubwa katikati ya majira ya mvua lilijengwa kwa ajili ya nchi gani?

Na barua ya nje. Hapa sitaki kudanganya mtu kwamba ndiyo dawa. Ilifanya kazi kwa sababu mnunuzi aliogopa jina lake, basi. Lakini kuna somo la ndani yake kuhusu namna hizi kampuni zimejengwa: mtoto wa hapa ana mashine na beseni, ana bosi asiyeamua, na pesa inahesabiwa kwingine. Ukibishana na mtoto peke yake unabishana na mkono. Majirani zetu wa Chingola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, walilielewa mapema, wakampeleka Vedanta, kampuni mama, mahakamani London pamoja na mtoto wake Konkola Copper Mines, na Aprili 2019 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kesi yao inaweza kusikilizwa kule. Mwanzo wa 2021 wakapatana bila kampuni kukiri kosa. Ilichukua miaka, na mawakili wa London, kitu ambacho bonde letu halina.

Uchambuzi: kilichoanguka

Tope, kwanza na mwisho. Ingetosha kukwangua sentimita tano za juu kwenye mfereji sehemu tatu, na udongo wa matuta hadi kina cha jembe, juu na chini, wiki ya kwanza na tena baada ya chokaa. Tungekuwa na picha ya shaba ikitoka kwenye maji kuingia kwenye tope. Bila hiyo, leo wataalamu wa sosiete wanasimama na hoja yao ile ya nusu, kwamba udongo wa Katanga una shaba tangu Mungu aumbe, na sisi tunajibu kwa kulinganisha matuta yaliyopata tope na yale ya juu ambayo hayakupata. Inasaidia. Haitoshi kama vile ingetosha karatasi ya wiki ya kwanza.

Rula mbaya. Ile prose-verbali ya siku ya tatu ililinganisha shaba na kiwango cha maji ya kunywa, ambacho kwa shirika la afya la dunia ni miligramu 2 kwa lita. Samaki mdogo anakufa kwa shaba kidogo sana kuliko hiyo, na lengalenga haijali lita moja ina ngapi, inajali tope la msimu mzima lina ngapi. Ba mama hawakuwa wanakunywa kile kijito, walikuwa wanalimia. Nadhani aliyeandika hakuwa na nia mbaya, alichukua tu namba aliyoizoea, lakini ile namba imekuwa ngao ya sosiete hadi leo na kila barua yao inaanza nayo.

Risiti. Avoka anasema ile sentensi ya mwisho haiwezi kufunga hasara ambayo wakati wa kusaini hakuna aliyeijua, na kwamba mtu hasaini kitu ambacho hakusomewa kwa lugha anayoielewa. Mimi namuamini, ila jaji bado hajasema. Kilichoumiza zaidi ni mpangilio: ba mama walifikishwa mahali pa njaa kwanza, karatasi ikaja baadaye. Kama komite ingekuwa na mfuko mdogo wa kuvusha familia wiki sita, au kama sevisi za komini (manispaa) zingedai malipo ya haraka yatengwe na malipo ya mwisho, wengi wasingesaini. Na komini kuwa mkali kwa sosiete iko na ugumu wake, maana kwa Kode ile ile 15% ya mrabaha wa mine inaenda kwa serikali ya chini kabisa pale mine ilipo. Mtu anayetakiwa kuwa refa anakula kwenye meza ya timu moja. Sheria iliweka hivyo kwa nia nzuri kabisa, pesa isiishie Kinshasa, na bado njo hivyo.

Karatasi za ardhi nazo. Sosiete ililipa "mazao" na kukwepa neno "ardhi" kwa sababu hakuna mama aliyekuwa na titri, yaani hati ya ardhi. Lakini kutumia ardhi kwa miaka mingi huku shefu akijua kunaacha alama: risiti za kodi ya soko, picha za zamani, majirani. Hizo zilikusanywa baada ya kesi kuanza, zikakuta mashahidi wawili wameshahama. Zingekusanywa kabla, wakati hakuna ugomvi na kila mtu anasema kweli bila hofu.

Ile ya listi mbili sina la kuongeza sana. Iliwagawa ba mama mpaka leo, kuna wawili walikuwa wanabebeana mtoto na sasa hawasalimiani, na sosiete haikuhitaji kufanya chochote zaidi.

Ilipofikia sasa

Tabaka la juu limeondolewa kwenye matuta ya karibu na barabara na udongo mwingine umeletwa, pale shu inaota. Chini ya bonde hakujaguswa. Tribinali imeagiza mtaalamu wake mwenyewe apime, na swali la nani atamlipa limesimamisha kila kitu, maana vipimo vya metali kwa sampuli nyingi ni pesa ambayo komite haina na sosiete inasema si kazi yake kulipia ushahidi wa mtu mwingine. Avoka ameomba jaji aamuru sosiete itangulize.

Komite kwa upande wake ilipitisha kwamba tope la mfereji lisipande tena kwenye tuta mpaka lipimwe. Kuna wanaofuata. Wengine hawafuati, kwa sababu mbolea ya dukani imepanda bei na tope liko pale pale, bure.